Upande Mweupe wa Ramani

“Kinamasi hakina mwenyewe, shemeji, kwa hiyo usinipigie kelele kana kwamba nimekuibia,” Ramani alikuwa anamwambia Fundi. Alisimama kwenye ngazi ya juu kabisa ya mlango wake, maana yule bwana hajawahi kugombana na mtu wakiwa usawa mmoja.

Fundi alikuwa chini uchochoroni, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini akazichomeka kwenye kola ya gauni, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa kazi ndefu, kisha akamwambia kwamba nyumba yake ilijengwa na marehemu mumewe kwa tofali na saruji, haikutagwa na vyura. Kama kuna kinamasi hapa, akasema, basi kimo kichwani mwa mtu fulani, na kinazalisha mbu.

Wateja wangu walicheka. Mimi husuka watu barazani kwangu, na baraza langu linatazama milango yote miwili, wa Ramani upande huu na wa Fundi upande ule, kwa hiyo mambo ya pale sihitaji kusimuliwa. Siku hiyo nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi na vichwa vingine vinangoja zamu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mfereji. Mtaa wetu uko nyuma ya mikoko, na bahari ikijaa sana, zile siku za mwezi mpevu, maji hupenya kwa nyuma nyuma yakaingia vyooni na kwenye nyua za watu. Manispaa, baada ya kulala usingizi wa pono miaka nenda miaka rudi, ikaamka na kusema itachimba mfereji mkubwa wa kuyarudisha maji yalikotoka. Njia zilikuwa mbili tu. Upite upande wa Fundi, uondoke na karakana yake ya kushonea na chumba cha nyuma anamolala mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi na ambaye hatembei tena. Au upite upande wa Ramani, uondoke na ukuta wake, jiko lake na kipande cha sebule. Mhandisi wa manispaa, binti mmoja mwenye buti za mpira na maneno machache, alisema ardhi yote imeshajazwa vifusi, haisomeki. Mfereji ukichimbwa pasipo na mkondo wa zamani utajaa mchanga kabla watu hawajamaliza kupiga makofi. Alitaka kujua maji yalikaa wapi kabla hatujaja sisi na matoroli yetu.

Hapo ndipo Ramani alipopata jukwaa lake.

Jina alilopewa na wazazi limesahaulika. Tunamwita Ramani kwa sababu sebuleni kwake, juu ya makochi, alikuwa ametundika ramani ya zamani ya eneo letu lote, ndani ya fremu ya dhahabu ya kudanganyia, na hakuna mgeni aliyepata kiti mle bila kwanza kupata somo. Alistaafu kutoka ofisi ya upimaji. Ukimsikiliza utadhani aliipima nchi nzima kwa magoti. Mkewe, dada mpole ambaye ulimi wake hulegea nikifika kusuka kisogoni, alikwisha kutuambia siku nyingi kwamba mumewe alikuwa afisa utumishi. Wapima walikuwa wanaingia matopeni, wanarudi wameumwa na kila kitu chenye meno, naye yuko ofisini chini ya feni anasaini likizo zao. Hata hizo ramani alikuwa anaziona zikipita zimeviringwa ndani ya mabomba yao ya karatasi ngumu. Alipostaafu walimpa fotokopi ya moja iwe kumbukumbu. Na asiyefika vitani ndiye anayesimulia vita kwa sauti kubwa.

Fotokopi hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe, pana kama shuka la mtoto. Pale palipo nyumba yake palikuwa peupe pe, hakuna hata doa. Upande wa Fundi palipita mstari mweusi wa nukta nukta, ukipinda kutoka kwenye mikoko mpaka barabarani. Ramani alikuwa na kijiti cha kuonyeshea, alikichonga mwenyewe na kukipaka vanishi. Kijiti kikigusa sehemu nyeupe, anasema hii ni ardhi ngumu, ardhi ya heshima, mtu angeweza kujenga ghorofa. Kikiruka kwenda kwenye nukta, anasema hiki ni kijito, maji yanapita hapa tangu enzi na enzi, na watu wa upande ule wamejenga juu ya kijito halafu wanashangaa miguu kulowa.

Watu wa upande ule akawaita watu wa topeni. Si kwa siri. Kijana akija kuuza mboga, anaambiwa aanze kwa watu wa nchi kavu. Fundi akimpelekea mkewe gauni lililomalizika, Ramani anamwomba apanguse miguu kwanza, hata kiangazi, hata vumbi likiwa linawaka.

Na kwake maji yalikuwa yanaingia. Sote tunajua. Rangi ya ukuta wake ilikuwa inavimba na kubanduka kwa chumvi, anaipaka upya, inabanduka tena. Bahari ikijaa, ua wake ulikuwa unang'aa kama sinia. Lakini yeye alikuwa na jibu kwa kila tone. Mara bomba la jirani limepasuka, mara watu wa topeni wanamwaga maji ya kufulia kwa kusudi. Aliongeza ngazi mlangoni, halafu akaongeza tena, mpaka mkewe akawa anapanda kuingia nyumbani kama anayeingia kwenye lori.

Ningecheka mpaka leo kama pasingekuwa na Mwenyekiti. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu ambaye msimamo wake ni wa aliyezungumza mwisho, na Ramani alihakikisha anazungumza mwisho. Alimkaribisha sebuleni, akamkalisha kwenye kochi refu, akampa kijiti akishike mwenyewe. Kumpa mtu kama yule kijiti ni kumpa nchi. Alitoka pale anatamka “miinuko” na “mkondo wa asili” kama maneno aliyozaliwa nayo, na wiki ile ile alikuja na vibarua na kopo la rangi, wakapiga alama nyekundu kwenye ukuta wa Fundi.

Fundi alitoka nje. Alisimama na mkasi mkononi akiitazama alama inavyochuruzika. Bibi akauliza kutoka ndani ni nani wanaopaka nyumba. Fundi akamjibu kwamba manispaa inaweka namba za nyumba. Bibi akauliza mbona hawakuweka na ya jirani.

Jioni Fundi alikuja kukaa barazani kwangu, jambo ambalo hufanya akiwa na furaha tu. Hakusukwa. Alinieleza kwamba ameshazunguka kutafuta chumba cha kupanga. Ama ni kichumba juu ya ngazi zisizopandika na mgonjwa, au chumba kizuri ambacho mwenye nyumba hataki kelele za cherehani. Bila cherehani hawali, na bila chumba cha chini Bibi hatoki tena mpaka siku ya kutolewa. Alisema hivyo akiangalia vidole vyake. Nilimwambia Mwenyekiti ni bendera, upepo ukigeuka naye atageuka. Akaniuliza huo upepo utatoka wapi, kwenye ua wa nani. 

Upepo aliuleta Ramani mwenyewe, kwa mkono wake.

Yule mhandisi alipokuja kuthibitisha, alipelekwa sebuleni, akapewa somo kamili la kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea karibu na kioo, akakuna kidevu, akasema hii ni fotokopi, yeye hachimbi mfereji kwa fotokopi. Anataka karatasi yenyewe iliyochapishwa, na kama kuna toleo la zamani zaidi, nalo liletwe. Akapanga siku ya kurudi, akaondoka na buti zake.

Mtu mwingine angeshtuka. Ramani alifurahi kama aliyeambiwa atavishwa nishani. Aliandika kwa wenzake wa zamani, akapiga simu barazani ili tusikie akisema “ninyi vijana wangu,” akaahidi mtaa mzima kwamba sasa tutaona kitu halisi. Mabomba ya karatasi yalipofika, aliyabeba kwapani kutoka kituoni akapita nayo barabara ya kuzunguka, ile ndefu, ili asimkose mtu. Alitupungia mkono. Hakuyafungua, alisema vitu vya kitaalamu havifunguliwi ovyo, vinafunguliwa mbele ya wahusika.

Kwa hiyo wahusika tukajaa sebuleni kwake. Mimi nilikwenda na mteja wangu akiwa nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, na hakuona haya, alisema nywele zitangoja. Mwenyekiti alikuwa kwenye kochi refu. Mhandisi alisimama. Fundi alibaki karibu na mlango, nyuzi zimemganda kwenye gauni, na hakupangusa miguu. Mke wa Ramani aliegemea mlango wa jiko.

Ramani alisafisha koo. Alianza na karatasi ile ile iliyokuwa kwenye fremu, ila sasa ndiyo yenyewe, iliyochapishwa kwa rangi. Aliitandaza mezani, akaweka vikombe kwenye pembe, akainua kijiti.

Kijiti kikabaki juu.

Pale palipokuwa peupe hapakuwa peupe. Palikuwa na vijani, vichoro vidogo kama vishungi vya nyasi, vya bluu ya kupauka, vimepangwa kwa safu, vimesongamana, vimeanza kwenye mikoko vikaja mpaka barabarani. Bluu tupu. Nyumba ya Ramani, ukipima kutoka kona ya barabara ambayo haijahama, ilikuwa katikati ya vijani kama sufuria katikati ya meko.

Fundi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mteja anataka mikono mirefu au mifupi.

“Hivyo vijani ni nini, shemeji?”

Ramani akasema ni wino. Karatasi za zamani, akasema, wino huchafuka. Mhandisi akamwonyesha pembeni, chini, ulipo ufunguo wa alama. Akamwomba asome. Ramani akatafuta miwani mfukoni, akaitafuta juu ya meza, akaikuta usoni. Akasoma kwa sauti ya mtu anayejisomea. Mwenyekiti, mshenzi yule, akasema hatusikii.

“Kinamasi,” Ramani akasema. “Hufunikwa na maji bahari ikijaa.”

“Na zile nukta nyeusi?” Fundi akauliza.

“Njia ya miguu.”

Ikabidi mhandisi atueleze, maana tulikuwa tunatazamana. Mashine za fotokopi za zamani, alisema, zilikuwa hazioni bluu ya kupauka. Cheusi kinabaki, bluu inapotea, kwa hiyo ukinakili ramani ya eneo la maji unapata karatasi nyeupe, safi, kama vile hapana kitu. Na kijito kwenye ramani hakichorwi kwa nukta nyeusi hata siku moja. Nukta ni mahali walipopita watu, na watu walipita hapo kwa kuwa palikuwa na tuta la mchanga, palikuwa pakavu. Kila mpima anajua. Hata mfagizi wa ofisi ile, nadhani, angemwambia, kama angemuuliza.

“Kumbe kijito kilikuwa kinavaa viatu,” alisema mteja wangu, yule wa nusu kichwa.

Nyumba ilicheka. Sitasema uongo, nilicheka mpaka nikashika ukuta, na rangi ikanibandukia kiganjani. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi bila kuombwa, amejifunika uso kwa utepe wake wa kupimia.

Mtu mwenye akili angefunga mkutano hapo. Ramani akakimbilia bomba la pili. Lile ni toleo la zamani zaidi, akasema, la wapima wa kweli, hawa wa baadaye walikuwa wazembe, anawajua, walikuwa wanaomba likizo kila mara. Akalivuta kwa haraka mpaka karatasi ikachanika pembeni. Akaitandaza juu ya ile ya kwanza.

Humo hapakuwa na vijani. Palikuwa na maji yenyewe, bluu iliyokolea, ulimi mpana uliotoka baharini ukapenya mikoko na kuja kulala pale. Mhandisi alipima kwa kalamu yake kutoka kona ya barabara, akapima tena, akaweka ncha ya kalamu katikati ya ulimi. Akasema hapa ndipo tulipokaa. Mtu mmoja kwenye kochi akainua miguu kutoka sakafuni.

Ramani hakukosa la kusema, watu wale hawakosi. Akasema bahari imehama. Akasema walioichora walikuja siku ya mvua. Akasema karatasi si kila kitu, mtu lazima asome mazingira, ana jicho la uzoefu. Mtu aliyetutesa na karatasi tangu alipohamia alitaka sasa tuamini jicho lake. Mwenyekiti, ambaye rangi nyekundu ya ukuta wa Fundi ilikuwa bado kwenye kiatu chake, alisema yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, ila hakutaka kumvunjia mzee heshima.

Ndipo mke wa Ramani alipozungumza kutoka mlango wa jiko. Dada huyu tangu nimjue hajawahi kumkatiza mumewe mbele za watu.

“Kila bahari ikijaa nachota maji humu jikoni kwa beseni,” alisema. “Ninaonja mkono, ni ya chumvi. Nakwambia. Unaniambia ni bomba la jirani. Bomba gani linatoa chumvi, baba watoto?”

Hapo hata sisi tuliacha kucheka. Alirudi jikoni, tukasikia vyombo.

Mhandisi aliandika alichoandika, akamwagiza Mwenyekiti afute alama upande ule na kuiweka upande huu. Mwenyekiti alikwenda kufuta mwenyewe, kwa mafuta ya taa na kitambaa, akisugua huku anamsalimia Bibi kupitia dirishani kana kwamba amekuja kumtembelea. Bibi alimuuliza kama ile namba ilikuwa imekosewa. Akasema ndiyo, mama, ilikosewa kidogo. Nimekwisha kuona watu wasio na aibu, lakini wengi wao huwa angalau wanapumzika.

Mtambo ulikuja asubuhi moja ukaanza na ukuta. Ukuta ule wa chumvi haukuanguka, ulimomonyoka, kama biskuti kwenye chai. Kisha ndoo ya chuma ikauma ardhi ya heshima, ile ya kujengea ghorofa, na kabla haijainuka maji yalikwisha kuchomoza chini yake yenyewe, ya kijivu, na kaa wadogo wakitoka mbio upande upande. Hata dereva wa mtambo alizima injini kuangalia. Hapakuwa na bomba lolote lililopasuka.

Jiko likafuata. Manispaa iliahidi kuwajengea jingine, na ahadi ya manispaa haichemshi maji. Mke wa Ramani alikusanya masufuria yake, akavuka uchochoro na kwenda kupika kwa Fundi, bila kumuuliza mtu ruhusa. Waliweka moto pamoja nyuma ya karakana, na kwa sababu pale panapopikwa na wanawake wawili hapakosi watu, mchana ule nyumba ilijaa. Vyerehani vilisukumwa ukutani. Bibi alitolewa akiwa kwenye kiti chake akawekwa karibu na mlango apate upepo, mhandisi alivua buti akakaa mkekani, wateja wangu nikahama nao, na mimi nikakaa mahali ninapoona nje.

Nje alikuwepo Ramani. Alisimama kando ya shimo, mikono nyuma, suti ya ofisi, anajifanya msimamizi. Akielekeza kidole, vijana wa mtambo wanaitikia kwa kichwa na kuendelea na walichokuwa wanafanya. Ndani tulimchambua kama mchele. Mmoja alisema sasa amepata maji ya kutosha kupimia. Mwingine alisema aletewe kiti, likizo yake imesainiwa. Mwenyekiti, ambaye hakuna aliyekuwa amemwalika, alicheka kuliko wote na kuomba kuongezewa.

Mke wa Ramani hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anaweka tonge mdomoni, anatafuna, anatazama dirishani, anaweka jingine. Tonge zenyewe ndogo, sahani yake ilikuwa kama haijaguswa.

Fundi aliona. Niliona anaona. Nilimshika gauni nikamnong'oneza amwache yule mtu asimame, amesimama juu yetu vya kutosha, njaa haijawahi kumuua mwenye majivuno. Akautoa mkono wangu kwenye gauni, akaenda mlangoni, na hakujipangusa hata mikono. Alimwita shemeji. Ramani akajibu bila kugeuka kwamba ana kazi, vijana hawa bila kusimamiwa wataharibu.

“Wataharibu nini, shemeji?” Fundi akamuuliza. “Sikuiti kwa sababu nimesahau, na usije ukadhani. Ulitaka mama yangu alale barabarani, na hilo nitakukumbusha mpaka unichoke. Ila mkeo anakula huku anakuangalia wewe, na mimi chakula changu sipendi kiliwe hivyo. Maji ya kunawa yako hapo kwenye jagi. Nawa, ingia ule.”